Aliyefagia Uwanja wa Bi Chausiku

Mwananyamala, 6 Machi 1957, Jumatano ya Majivu

Nina majivu kwenye paji la uso na sijayaosha. Njiani kutoka kanisani watoto waliniuliza kama nimeangukia jikoni. Sikuwajibu. Mie huwa sijibu.

Leo Sista Ludovika, anayetufundisha dini, alisema kufunga si kukonda tu. Kila msichana achague jirani mmoja, awe baraka kwake mpaka Pasaka. "Mfungo wako umnenepeshe jirani," alisema. Wenzangu wakanyoosha mikono palepale, huyu kwa Kiingereza, yule kwa Kiswahili, kila mtu na jirani yake. Mie niliangalia dawati. Nikiulizwa kwa Kiingereza maneno hunipotea. Nikiulizwa kwa Kiswahili nacheka kwa woga, watu wakadhani ninawadharau. Sista ananijua. Alinipitia akaninong'oneza, "Wewe Demetria, kama huwezi kusema, andika." Haya, naandika.

Jirani yangu ni Bi Chausiku, ng'ambo ya ua wetu wa makuti. Anaishi na mkwewe Mwamvita na mjukuu wake Jabiri, ambaye bado anatambaa. Mwanawe, Mwinjuma, yuko kwenye mashamba ya mkonge Kilosa na hurudi sikukuu. Bi Chausiku mgongo unamtesa. Akifagia, mkono mmoja umeshika fagio, mwingine umeshika kiuno, na mwarobaini wao hauna huruma, kila siku unamwaga majani.

Tumekaa hapa tangu baba yangu, Tata, alipohamishwa kutoka Bukoba kuja kuwa karani wa reli. Muda wote huo neno nililompa Bi Chausiku ni shikamoo tu, tena ya chini kwa chini kama ya mtu aliyeiba.

8 Machi

Injili inasema ukitoa sadaka, mkono wa kushoto usijue ufanyalo wa kuume. Mstari ule uliandikwa kwa ajili yangu. Nimepata namna ya kuwa baraka bila kusema na mtu! Nitamfagilia uwanja alfajiri kabla hawajaamka. Marehemu bibi yangu alinisimulia kwamba walipokuwa wasichana kule Kamachumu waliwafagilia vikongwe hivyo hivyo, na kikongwe akiamka akikuta uwanja safi humwombea heri aliyefagia, hata bila kumjua.

9 Machi

Nimefagia. Peku, na fagio la chelewa. Takataka nimezizoa kwenye ungo nikazimwaga nyuma ya migomba yetu, asihangaike nazo. Nilirudi kitandani kabla ya adhana. Hakuna aliyeniona. Chai ya Kwaresima haina sukari, lakini leo ilikuwa tamu.

10 Machi

Nimefagia.

12 Machi

Nimefagia. Manyunyu.

13 Machi

Nimesikia kupitia uani:

"Mwamvita, umefagia saa ngapi?"

"Sijafagia, mama. Nilidhani wewe."

"Mie na mgongo huu?"

"Basi majini."

"Majini hayafagii, mwanangu. Yangekuwa yanafagia ningeolewa nayo."

Nilicheka ndani ya mto mpaka mdogo wangu Gaudens akaniuliza kama naumwa tumbo.

16 Machi

Nimefagia mpaka kizingitini kabisa, pale Jabiri anapochezea. Naona nampenda Bi Chausiku. Ni rahisi kumpenda mtu aliyelala.

20 Machi

Mvua kubwa. Sikufagia.

23 Machi

Ee Mungu wangu.

Leo bombani, kwenye foleni ya maji, Bi Chausiku alitua ndoo yake akasema kwa sauti, kila mtu asikie: "Kuna mtu anachota nyayo za watu wangu." Akaeleza: kila alfajiri mtu anaingia gizani, anafagia uwanja, na taka haziachi. Anaondoka nazo. Mtu mwema, alisema, angefagia mchana na taka angeziacha. Anayeondoka na vumbi la nyayo ana kazi nalo. Amekwisha kuzungusha ubani nyumba nzima.

Sikujua. Naapa sikujua. Kumbe huku pwani kumfagilia mtu gizani si salamu, ni vita.

"Mtafuteni miongoni mwa wasiosalimia," alisema mwanamke mmoja, na macho yakageuka kwangu mie na mama yangu.

Mama alicheka akajitwika ndoo. Mama yangu, Kokushubila, haogopi watu. Nyumbani akashangaa kwa Kihaya, "Mawe! Watu hawa na uchawi wao. Nani atapoteza usingizi wake akafagie kwa jirani?"

Nilimenya ndizi. Nilimenya nyingi kuliko zilizotakiwa.

24 Machi

Sikufagia. Sifagii tena. Na wala sikusema.

27 Machi

Mvua. Wanafunzi wa ng'ambo ya bonde hawakuja shule.

1 Aprili

Ramadhani imeingia. Sie tunafunga upande huu, wao upande ule. Tata amesema, "Mwezi huu mtaa mzima una njaa. Mungu atakuwa na kazi ya kusikiliza." Alisema kwa Kiingereza kwanza, kisha kwa Kiswahili, kwa sababu Mama alikuwa hajacheka.

5 Aprili

Jabiri anaharisha.

7 Aprili, Jumapili

Baada ya misa Mwamvita alikuja uani, akasimama upande wake wa makuti akilia bila sauti. Mama alipanua tundu la makuti wakaongea.

Mzee Mwishehe, mganga wao, alikuja Ijumaa. Amesema unyayo wa mtoto ulichotwa pale kizingitini. Mtoto asivushwe kizingiti mpaka mkono uliofagia ujulikane, maana akivushwa hivi hivi roho itabaki nyuma. Yeye mganga atarudi kuzindika nyumba kwa dawa zake bonde likipungua maji.

"Na maji anakunywa?" Mama aliuliza.

"Mama mkwe anasema maji yanamzidishia. Kila akinywa yanatoka."

"Mpeleke zahanati, Mwamvita. Ile ya misheni, ng'ambo."

"Mama Demetria, mie nataka. Lakini nyumba ni ya mama mkwe, na Mwinjuma hayupo. Nitamvushaje mwanangu mlango uliokatazwa? Akifa watasema nani kamuua?"

Nilikuwa nimesimama nyuma ya Mama na chungu mkononi. Ningeweza kusema pale pale, kwa neno moja.

8 Aprili

Sikusema. Nikisema watatuita wachawi. Mwenye nyumba yetu ni binamu wa Bi Chausiku, atatutoa na mvua hii. Tata atasemwa ofisini. Nimempa Mwamvita sukari yangu ya mfungo wote, iliyofungwa kwenye karatasi ya duka la Firoz, ampikie Jabiri uji. Nimesali rozari nzima. Nimefanya kila kitu isipokuwa kile kimoja.

Sijui kama Mungu alikuwa ananisikiliza au alikuwa ananisubiri.

10 Aprili, Jumatano

Naandika mikono bado inanuka matope, lakini nataka niandike leo.

Asubuhi sikwenda shule. Mvua ilikuwa imekatika kidogo na nikasikia Jabiri analia. Si kile kilio chake cha kudai. Kilikuwa chembamba kama cha mtoto wa paka. Halafu kikakatika, na kimya chake kikawa kibaya kuliko kilio.

Nilimfuata Mama jikoni. Nikamwambia kwa Kihaya, maana kwa lugha nyingine yoyote yasingetoka: "Mama, ni mie niliyekuwa nafagia."

Mama aliketi juu ya kinu. "Wewe?"

"Mie."

"Kila alfajiri?"

"Isipokuwa siku za mvua."

Nilidhani atanipiga. Alijifunga khanga kiunoni upya, akaifunga tena, kama fundo limemkosea. "Unajua watakachotuita?"

"Najua."

"Na unataka kwenda."

"Sitaki, Mama. Lakini mtoto amenyamaza."

Akanyanyuka. "Basi twende kabla sijapata akili."

Uwanjani kwao walikuwapo wanawake watatu wa jirani, wameketi barazani kama watu waliokwisha kuja msibani. Bi Chausiku alikuwa mlangoni, amekaa kwenye kizingiti chenyewe, mgongo kwenye mhimili, kama anayezuia mlango kwa mwili wake. Niligundua sijawahi kumwangalia usoni mchana. Ana chale ndogo kwenye kidevu, na macho yake yalikuwa mekundu.

Nikapiga magoti kwenye tope. "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Leo una sauti?" Hakuwa akitania.

"Mkono uliofagia ni huu." Nikauonyesha. Sijui kwa nini niliunyoosha, kama mtoto wa shule anayesubiri fimbo. "Mganga alisema mtoto asitoke mpaka mkono ujulikane. Umejulikana, Bibi. Mwache atoke."

Mwanamke mmoja akasema, "Nilisema mie! Nilisema wasiosalimia!" Mwingine akamwita Mama jina ambalo sitaliandika. Mama alisimama nyuma yangu tu, mkono wake begani kwangu, na vidole vyake vikaning'ang'ania. Mama yangu, ambaye haogopi watu.

Bi Chausiku hakupiga kelele. "Taka ulipeleka wapi?"

"Nyuma ya migomba yetu."

"Nionyeshe."

Alisimama kwa taabu. Tukazunguka ua, yeye, mie, na wale wanawake nyuma wakijivuta. Lundo lilikuwa pale, limeloa. Alichukua kijiti akalichokoa polepole: majani ya mwarobaini, kifuu, chanuo lililovunjika, kipande cha kanzu kuukuu. Hakuna kilichofungwa, hakuna kilichozikwa. Alichokoa mpaka chini kwenye udongo.

"Hukuchukua kitu?"

"Sikuchukua."

"Sasa kwa nini, mwanangu? Kwa nini gizani?"

Nilikuwa nimejiandaa kueleza habari za Kwaresima na Sista na Injili. Vyote vilinitoka kichwani.

"Mgongo wako, Bibi," nikasema. "Nilikuwa nakuona unavyojishika."

Mvua ikaanza tena. Akaangusha kijiti, akageuka, akapaza sauti: "Mwamvita! Mlete mtoto!" Kisha kwangu: "Wewe uliyemfungia mlango, wewe utamvusha. Akifa, amefia mkononi mwako. Umesikia?"

"Nimesikia, Bibi."

Mwamvita alinipa Jabiri kupitia juu ya kizingiti. Alikuwa mwepesi kama khanga iliyokauka. Macho yamezama, midomo imekauka. Nikamfunga kifuani, si mgongoni, ili nimwone.

Tukateremka bondeni sie wanne. Daraja la magogo lilikuwa limezama, watu wakivuka kwa kushika kamba waliyoifunga kwenye minazi miwili. Maji yalinifika kiunoni, ya baridi, ya rangi ya chai ya maziwa. Mama alitangulia, kisha mie, Mwamvita akinishika nguo, na Bi Chausiku wa mwisho, kiuno chake kibovu ndani ya maji yale, amefunga, hajatia kinywani tonge wala funda la maji tangu daku. Katikati nikayumba. Mkono ukanishika kwa nyuma kwenye ukosi. "Simama, simama hivyo hivyo. Sasa nenda." Alikuwa yeye.

Zahanati Sista muuguzi hakuuliza mtoto ni wa nani wala wa dini gani. Alimchoma Jabiri sindano, kisha akachemsha maji ya mchele, akatia chumvi na sukari kidogo, akampa Bi Chausiku kijiko. "Kidogo kidogo. Akitapika, ngoja, anza tena. Usiache." Bi Chausiku alisema maji yanamzidishia. Sista akasema, "Yanayotoka ndiyo yanayomkausha, mama. Lazima uyarudishe." Bi Chausiku akakitazama kijiko kile. Kisha akaanza.

Aliendelea kumnywesha maji yeye mwenyewe akiwa na kiu, mpaka jua likazama. Wakamletea chai ya kufuturu. Alikunywa mafunda mawili akarudi kwenye kijiko.

Jabiri alikojoa. Tulilia wote kwa mkojo ule.

Tumerudi na Mama kwa lori la mtu wa misheni lililozungukia barabara ya juu. Tata alikuwa amekwisha kusikia mtaani. Alinigombeza kwa Kiingereza, maana hasira yake ya ofisini inakaa huko. Akachoka, akahamia Kiswahili. Mwisho akaniwekea chakula, akaniambia kwa Kihaya, "Kula, mwanangu."

12 Aprili

Jabiri yuko hai. Mwenye nyumba alikuja kuongea na Tata. Tata alimkaribisha kahawa ya kutafuna kutoka Bukoba. Mzee wa watu aliitafuna akidhani ni adabu tu, mpaka ikamkolea akaomba nyingine. Hatutolewi. Bado.

14 Aprili, Jumapili ya Matawi

Bombani wananiita Mfagiaji. "Pisha Mfagiaji apite, asije akakufagia!" Mwingine: "Mhaya mwenye haya, kumbe usiku una kazi." Nilijaza ndoo yangu. Nilisema "Shikamooni" kwa wote, kwa sauti. Wawili walijibu.

19 Aprili, Ijumaa Kuu

Wamemrudisha Jabiri. Nimemwona kupitia makuti, amekaa mwenyewe kwenye mkeka. Bi Chausiku alikuwa anafagia uwanja, mkono kiunoni. Nilisimama pale. Hakunitazama.

21 Aprili, Pasaka

Kristo amefufuka. Mwamvita ametuletea bakuli la tambi za nazi, akaniambia kichinichini, "Mama mkwe amekaa kimya juu yako. Sio hasira. Sijui ni nini."

Nimemwombea. Lakini nikiri hapa, kwa kuwa hapa ndipo ninapoweza: nilitaka anishukuru. Nilitaka sana. Niliposema nataka kuwa baraka kwake nadhani nilimaanisha nataka anibariki mie.

24 Aprili

Mvua. Tumekunywa chai yenye sukari na siioni tofauti.

27 Aprili

Asubuhi nilikwenda kwao, mchana kweupe, kupitia mlango wa mbele. "Hodi, Bibi. Shikamoo. Nije nikusaidie kufagia?"

"Marahaba." Akaniangalia. "Hapana. Kaa." Akanionyesha kigoda. Nikakaa. Akafagia yeye uwanja wote, taratibu, mie nimekaa kama bibi harusi, naona aibu mpaka masikio. Alipomaliza aliketi kando yangu akihema.

"Unajua nilichokuwa naogopa?" akasema. "Sie tulidhani mnatudharau. Karani, Kiingereza, kanisa. Msichana anapita kila siku kichwa chini, kama mtaa huu unanuka. Mtu asiyekuangalia mchana, ukisikia anakuja kwako usiku, utafikiri nini?"

"Sikuwadharau, Bibi. Nilikuwa nawaogopa."

"Sie?" Akacheka hata akajishika mgongo. "Mie kikongwe na Mwamvita yule?"

Basi. Ila nilipoondoka alisema, "Kesho tena." 

30 Aprili

Nimekwenda kila siku tangu siku ile. Hatuongei sana. Ananiuliza Bukoba kukoje na kama kweli tunakula senene, panzi wa kwetu. Nilipokubali alimwita Mwamvita aje asikie.

1 Mei, Idd

Mwinjuma amerudi, mtu mrefu mwenye makovu ya mkonge mikononi. Uwanja wao umejaa, makoti, kanzu, pilau. Sie tulikuwa kwetu, Tata anasoma gazeti. Ghafla sauti ya Bi Chausiku ikapita juu ya makuti:

"Demetria! Mtoto wa karani! Njoo hapa!"

Nilikwenda. Mama alinifuata, na Tata naye, gazeti mkononi. Kila mtu uwanjani akatugeukia. Wale wanawake wa bombani walikuwapo wote. Bi Chausiku aliketi kwenye mkeka, Jabiri mapajani kwake, akanionyesha nikae mbele yake.

"Nina neno limenikaa," akasema. "Siku ile bondeni nilikuwa nyuma yako. Kabla hujayumba na baada ya kuyumba, ulikuwa unamnong'oneza mjukuu wangu sikioni. Njia nzima. Nilidhani ni wimbo, lakini wimbo huwa una mahali pa kupumua. Ulikuwa unamwambia nini?"

Nilihisi Tata ameacha hata kukunjakunja gazeti lake. Ningeweza kusema nilikuwa nambembeleza. Ni mtoto mdogo, nani angejua? Mwinjuma alikuwa amesimama na birika, hamimini. Watu wale walikuwa wametoka kuswali Idd, nami nilikuwa nimesema maneno ya kwetu katika sikio la mtoto wao.

"Nilikuwa nasali, Bibi," nikasema. "Salamu Maria. Na Baba Yetu. Ndizo ninazozijua. Nilikuwa namwombea asife."

Kuku alipita katikati ya mkeka.

"Sikummwagia maji ya ubatizo," nikaongeza, kwa kuwa nilijua watu husema hivyo juu yetu. "Sikumfanya chochote. Nilimwombea tu."

"Na kwa nini kwa kunong'ona?"

"Naona haya."

Mtu akaguna kicheko, kisha wote wakaangua, hata wale wa bombani, hata Mama. Bi Chausiku hakucheka. Alisubiri watulie.

"Mwanangu, nisikilize. Ulifagia kwa kujificha, ukatutia kiwewe nusura tuzike mtoto. Umeomba kwa kujificha, nami siku hizi zote silali, nikijiuliza umemtia nini mjukuu wangu sikioni. Wema wako mzuri, ila una giza giza. Utatumaliza." Akamnyanyua Jabiri akamweka mapajani kwangu. Amenenepa, alinishika pua. "Sasa mwombee mchana. Sema yako, watu wasikie hakuna kilichofichwa. Nikikusikia nitalala. Kisha mie nitasema yangu."

Nilimtazama Mwinjuma. Akaweka birika chini, akaketi.

Nikamshika Jabiri. Sauti ya kwanza ilitoka kama mlango mbovu. Nikaanza upya. Sikusali Salamu Maria. Nilisema tu, kwa Kiswahili, kwa maneno yangu mwenyewe: Mungu, huyu ni Jabiri, mtoto wa Mwinjuma na Mwamvita, mjukuu wa Bi Chausiku. Mlinde akue. Mpe bibi yake mgongo mzima. Wabariki waliomo uwanja huu, waliotuita majina na walionipa kigoda. Nisamehe niliyenyamaza wakati mtoto anaumwa. Nilisema na mengine, siyakumbuki. Najua tu kwamba sauti ilikua, na sikuizuia.

Niliposema "Amina" ilifika mpaka barabarani. Kulikuwa na mtu anapita na baiskeli, mikungu ya ndizi nyuma, hatumjui, naye hatujui sie. Hakusimama. Aliinua mkono mmoja, akaitikia kwa sauti kubwa, "Amin!" akaendelea na safari yake. Bi Chausiku akainua viganja vyake na kuanza yake.